Meyer: Jina Moja, Mizizi Miwili

Kila anayesoma habari za Mlima Kilimanjaro hukutana na jina Meyer. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer, mwanajiografia kutoka Leipzig, akiwa na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria, alifika kwenye ncha ya juu kabisa ya Kibo, na kilele kirefu kuliko vyote cha Mawenzi kinabeba jina lake hadi leo. (Watu wa Marangu hawasimulii habari hiyo bila kumtaja Yohani Kinyala Lauwo, na wana haki.) Miaka 134 baadaye, tarehe 1 Novemba 2023, Sherehe ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea watu wetu wakati wa Vita vya Maji Maji.

Hakuna sababu ya kudhani kwamba hao wawili ni ndugu. Hata hivyo jina lao ni moja. Steinmeier ni Stein, yaani jiwe, pamoja na Meier. Na Meier ni Meyer iliyoandikwa na karani mwingine. Mimi ni mwanafunzi wa falsafa, si mtaalamu wa lugha, lakini jina hili limenivuta kwa sababu linagusa swali ambalo tunalikuta darasani tangu muhula wa kwanza wa mantiki: jina linatuambia nini juu ya kitu chenye jina? Kwa jina Meyer swali hilo halikubaki darasani. Kuna miaka ambapo lilikuwa swali la uhai na kifo, na vitabu vya ubatizo vya parokia vilihusika.

Mkubwa wa shamba

Neno mzazi ni la Kilatini, *maior*, maana yake "mkubwa zaidi". Sisi tulio katika seminari kuu tunaishi ndani ya neno hilo bila kulifikiria, kwa sababu seminari kuu kwa Kilatini ni *seminarium maius*. Katika ufalme wa Wafranki wa kale palikuwa na cheo cha *maior domus*, mkubwa wa nyumba ya mfalme, ambacho kilikua mpaka mwenye cheo akawa na nguvu kuliko mfalme mwenyewe. Wanafunzi wa historia ya Kanisa watakumbuka mwaka 751, pale Pepin Mfupi, aliyekuwa na cheo hicho, alipojitwalia ufalme baada ya kupata kauli ya Papa Zakaria.

Lakini jina la ukoo halikutoka kwa wakubwa hao wa ikulu. Lilitoka shambani. Kila ardhi ya mfalme, ya askofu au ya monasteri ilihitaji mtu wa kuisimamia papo hapo, naye pia aliitwa *maior*. Tunayo hati ya takriban mwaka 800, *Capitulare de villis*, yenye kanuni za kuendesha mashamba ya mfalme wakati wa Karolo Mkuu. Mambo mawili ndani yake yananifurahisha. Kwanza, *maior* asipewe eneo kubwa kuliko lile analoweza kulizunguka na kulikagua kwa siku moja. Pili, asichaguliwe kutoka kwa watu wenye nguvu, bali kutoka kwa watu wa kati walio waaminifu. Aliyetunga kanuni hiyo alijua vizuri tabia ya mashamba na tabia ya watu.

Midomoni mwa wasemaji wa Kijerumani *maior* ikawa *meier*. Kazi yake ilikuwa kupokea nafaka, kuku na mayai ambayo wakulima walimlipa bwana wa ardhi, kupanga siku za kazi katika shamba la bwana, na mwisho wa mwaka kutoa hesabu. Hakuwa bwana, wala hakuwa mkulima wa kawaida. Tukitafuta mfano wa kwetu, nyapara yuko karibu, ila nyapara husimamia kazi tu, na huyu alishika hesabu pia. Akida wa enzi ya ukoloni naye anafanana naye kwa jambo moja: alisimama katikati, huku juu wakimdai na huku chini wakimnung'unikia.

Waandishi wa hati za Kilatini walipotaka kumtaja *meier* mara nyingi waliandika *villicus*. Anayesoma Vulgata atalitambua neno hilo mara moja. Katika Injili ya Luka sura ya 16, yule wakili aliyeambiwa atoe hesabu ya uwakili wake ndiye *villicus*. Kwa hiyo mkulima wa Bavaria wa karne ya 13 aliposikia mfano huo ukifafanuliwa kwa lugha yake, hakuhitaji kuwaza mtu wa nchi ya mbali. Alimjua kwa sura na kwa jina, tena huenda alikuwa amesimama mstari wa mbele kanisani.

Baadaye, hasa kaskazini, huko Saksonia ya Chini na Westfalia, mabwana waliona ni nafuu kumkodisha *meier* shamba zima badala ya kumlipa asimamie. Hapo neno likabadilika maana: *meier* akawa mkulima mwenye shamba kubwa la kukodi. Na kwa kuwa karibu kila kijiji kilikuwa na mmoja au zaidi, ikabidi watofautishwe. Wa upande wa juu akawa Obermeier, wa upande wa chini Niedermeier, wa karibu na kanisa Kirchmeier, na wa penye mawe Steinmeier. Rais Steinmeier alizaliwa Detmold, eneo la Lippe, na huko majina yenye mkia wa -meier ni mengi kweli kweli.

Katika maeneo hayo palikuwa na desturi moja ambayo naomba msomaji aikumbuke, kwa kuwa tutaihitaji. Jina lilikuwa la shamba. Mwanamume aliyeoa binti wa shamba la Meier na kuhamia pale aliacha jina la baba yake akachukua jina la shamba, na watoto wake wakaitwa hivyo. Kwetu, ambako jina la ukoo hufuata damu ya baba, hilo ni jambo la ajabu. Kwao lilikuwa la kawaida: jina lilifuata ardhi.

Ey, ei, ay, ai

Majina ya ukoo yalianza kushika mizizi katika miji ya Ujerumani tangu karne ya 12, na mashambani yalichelewa. Kanisa lilisaidia kuyaimarisha. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliagiza kila paroko awe na kitabu cha kuandika majina ya wanaofunga ndoa na mashahidi wao, na vilevile majina ya wasimamizi wa ubatizo. Lengo lilikuwa la kisakramenti: kuzuia ndoa za siri na kujua vizuizi vya ndoa. Matokeo mengine yalikuwa kwamba jina la mtu, lililokuwa likielea midomoni, likapata mahali pa kukaa.

Lakini paroko au karani aliandika alivyosikia. Meyer, Meier, Mayer, Maier na Mayr husomwa karibu sawa, kama tungeandika "Maia". Mtoto angeweza kubatizwa Maier na kufunga ndoa akiwa Mayer bila mtu kushtuka. Tahajia ziligandishwa kweli pale serikali ilipochukua kazi ya uandikishaji. Kwa Dola zima la Ujerumani hiyo ilikuwa mwanzoni mwa mwaka 1876, na kuanzia hapo kosa la karani likawa urithi wa familia. Hadi leo Mjerumani mwenye jina hili akijitambulisha kwa simu humbidi aeleze: lenye *a* na *y*, au lenye *e* na *i*.

Tahajia hizo zina jiografia yake. Kaskazini hupendelea Meyer: Lothar Meyer, mmoja wa waliopanga elementi za kemia katika jedwali, alizaliwa Varel karibu na Bahari ya Kaskazini. Kusini-magharibi utawakuta akina Mayer na Maier: Robert Mayer, daktari aliyeandika mwaka 1842 kwamba nishati haipotei bali hubadilika, alikuwa mtu wa Heilbronn. Bavaria na Austria wana Mayr, kama Ernst Mayr, mwanabiolojia aliyezaliwa Kempten. Kanuni hii haishiki kila mahali. Mwandishi Conrad Ferdinand Meyer alikuwa wa Zürich, kusini kabisa.

Wingi wa watu wenye jina hili ni mkubwa. Katika orodha za majina ya ukoo ya Ujerumani, Müller na Schmidt hutangulia, na Meyer kwa tahajia hiyo peke yake imo katika kumi bora. Ukijumlisha tahajia zote inapanda juu zaidi. Waholanzi wanaandika Meijer, na Marekani baadhi yao waligeuka kuwa Myers. Jina likawa la kawaida kiasi kwamba lugha ikalifanya kiambishi cha utani. *Kraftmeier* ni mtu wa kujitapa kwa nguvu zake, *Vereinsmeier* ni yule ambaye hakosi kwenye kikao cha chama chochote (nadhani kila parokia inaye mmoja). Hata kipindi cha sanaa kiitwacho Biedermeier kimepewa jina la mshairi wa kubuni, Bwana Biedermaier, aliyetungwa kwa ajili ya kuchekesha katika gazeti la miaka ya 1850. Na inasimuliwa kwamba Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, alijigamba kuwa ndege za adui zikifika Ujerumani aitwe Meier. Ndege zilifika, na watu wakamwita Meier.

Mwenye kuangaza

Sasa tuje kwenye mzizi wa pili, ambao hauna uhusiano wowote na Kilatini.

Kwa Kiebrania kuna jina Meir, kutoka katika neno *or*, nuru. Maana yake ni "aangazaye". Katika karne ya 2 aliishi Rabi Meir, mwanafunzi wa Rabi Akiva, ambaye ametajwa mara nyingi sana katika Mishna. Talmudi inasema kwamba hilo halikuwa jina lake la kuzaliwa. Aliitwa hivyo kwa sababu aliwaangazia wenye hekima katika mambo ya Sheria. Wayahudi waliohamia kandokando ya mto Rhine walikuja na jina hilo. Aliye mashuhuri kati yao ni Rabi Meir wa Rothenburg, aliyekamatwa mwaka 1286 kwa amri ya Mfalme Rudolf wa Habsburg. Fidia kubwa ilidaiwa. Mapokeo yanasema aliwakataza watu wake wasiilipe, asije kila mfalme akajifunza kukamata marabi ili apate fedha. Alifia kifungoni mwaka 1293, na hata maiti yake haikutolewa mpaka mwaka 1307. (Hans Meyer wetu wa Kilimanjaro naye aliwahi kutekwa, mwaka 1888, na watu wa Abushiri wakati wa vita vya pwani. Yeye alilipiwa fidia.)

Kwa muda mrefu Wayahudi wengi wa Ulaya ya Kati hawakuwa na jina la ukoo la kudumu. Mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake. Kisha watawala wakaanza kuwalazimisha: Yosefu II katika nchi za Habsburg mwaka 1787, Napoleoni katika himaya yake mwaka 1808, Prussia mwaka 1812. Aliyekuwa mwana wa Meir alikuwa na njia rahisi mbele yake. Aliandikwa Meyer au Mayer, jina ambalo sikio la karani Mkristo lilikwisha kulizoea, na kazi ikaisha. Wengine walitengeneza jina kwa kuongeza "mwana wa": Meyerson. Golda Mabovitch, mzaliwa wa Kiev, aliolewa na Bwana Meyerson. Alipokuwa waziri wa mambo ya nje wa Israeli mwaka 1956 alilirudisha jina hilo kwenye Kiebrania, na ulimwengu ukamjua kama Golda Meir.

Hapa mwanafunzi wa falsafa anatabasamu, kwa sababu Aristotle anaanza kitabu chake cha Kategoria na jambo hilihili. Vitu huitwa homonima, anasema, vinapochangia jina tu huku maelezo ya asili yake yakiwa tofauti. Waskolastiki waliviita *aequivoca*. Kwa Kiswahili mfano wa haraka ni paa: paa la nyumba na paa wa porini. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayemtafuta paa wa porini juu ya bati. Basi Meyer mmoja ni msimamizi wa shamba, Meyer mwingine ni mwenye kuangaza, na wote wawili wanaishi mtaa mmoja wa Frankfurt, wanaandika jina lao kwa herufi zilezile. Kwa kulitazama jina huwezi kujua nani ni nani.

Vitabu vya ubatizo

Kwa watu wa kawaida, kutojua huko hakukuwa tatizo. Likawa tatizo kwa serikali ya Wanazi.

Sheria ya tarehe 7 Aprili 1933 ilifungua njia ya kuwafukuza kazi watumishi wa umma wasiohesabiwa kuwa "Waarya". Mtu alipaswa kuthibitisha asili yake kwa vyeti vya wazazi na babu na bibi zake. Tukumbuke kwamba ofisi za serikali za uandikishaji zilianza mwaka 1876, na Prussia ilitangulia kidogo, mwaka 1874. Babu wa mtu mzima wa mwaka 1933 alizaliwa kabla ya hapo. Ushahidi pekee wa kuzaliwa kwake ulikuwa katika kitabu cha ubatizo cha parokia. Hivyo ofisi za maparoko, za Wakatoliki na za Waprotestanti, zikajaa maombi ya dondoo za ubatizo. Kitabu kilichoanzishwa ili kulinda sakramenti kikageuzwa kuwa chombo cha kuwachambua watu.

Na hapo ndipo penye kosa la kimantiki ambalo, ningekuwa mwalimu, ningelitolea mtihani. Wanazi walidai kwamba Uyahudi ni damu, na kwamba ubatizo haubadilishi chochote. Lakini kanuni waliyoitoa Novemba 1935, kufuatia Sheria za Nürnberg, ilisema babu au bibi atahesabiwa Myahudi kamili ikiwa alikuwa wa jumuiya ya dini ya Kiyahudi. Maana yake walipotaka kujua damu, walitazama dini. Hawakuwa na kipimo kingine. Waliyataja majina, pua, nywele, wakachora picha za kutisha, lakini siku ya kuamua walifungua rejista. Wanamantiki huita hilo *petitio principii*, kudai kuthibitisha jambo ambalo tayari umelichukua kuwa kweli. Ni hoja inayojizunguka, na watu milioni sita waliuawa kwa ajili yake.

Kwamba jina halikuwasaidia, wenyewe walikiri kwa vitendo. Tarehe 17 Agosti 1938 walitoa amri: kuanzia 1 Januari 1939 kila mwanamume Myahudi ambaye jina lake la kwanza halimo katika orodha ya majina waliyoyaita ya Kiyahudi aongeze jina Israel, na kila mwanamke aongeze Sara. Kama jina la ukoo lingeweza kumtambulisha mtu, amri hiyo ingekuwa ya nini? Ilihitajika kwa sababu ya akina Meyer, akina Stein, akina Koch, na wengine wengi ambao majina yao yalikuwa majina ya Kijerumani tu. Majina ya Ibrahimu kwa Sara wake na la Yakobo baada ya kushindana usiku kucha, majina ambayo katika Maandiko Mungu mwenyewe ndiye aliyeyatoa, wakayafanya alama ya aibu katika vitambulisho.

Kwa hao wenye majina yasiyosema lolote, nitataja wawili.

Rupert Mayer alizaliwa Stuttgart mwaka 1876, akawa padre, kisha Mjesuiti. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia alikuwa padre wa askari na alikatwa mguu wa kushoto. Alifanya utume München, na kati ya makasisi wa mji huo alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kusema wazi kwamba Mkatoliki hawezi kuwa Mnazi. Mwaka 1937 walimkataza kuhubiri, aliendelea. Wakamfunga, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, na afya yake ilipodhoofika wakamzuilia katika abasia ya Wabenediktini ya Ettal hadi mwaka 1945. Hawakutaka afie mikononi mwao, kwa kuwa watu walimpenda mno. Alirudi München, na tarehe 1 Novemba 1945, siku ya Watakatifu Wote, alipatwa na kiharusi akiwa anahubiri katika Misa, akafariki siku hiyo.

Wa pili ni Edith Stein, mwanafalsafa, mwanafunzi wa Husserl, Myahudi aliyebatizwa mwaka 1922 na kuwa mtawa Mkarmeli, Teresa Benedikta wa Msalaba. Jina Stein, jiwe, ni lilelile lililo mwanzoni mwa jina la Rais aliyekuja Songea. Rejista ya ubatizo ilikuwa na jina lake pia, kwa wino halali. Alikamatwa Uholanzi, akauawa Auschwitz Agosti 1942.

Mwaka 1987 Papa Yohane Paulo II alifanya ziara Ujerumani. Tarehe 1 Mei, akiwa Köln, alimtangaza Edith Stein kuwa mwenyeheri. Tarehe 3 Mei, akiwa München, alimtangaza Rupert Mayer. Edith Stein alitangazwa mtakatifu mwaka 1998. Kaburi la Mayer liko katika kanisa la chini la Bürgersaal, katikati ya mji wa München, na watu hupita hapo kusali wakiwa na mifuko yao ya sokoni.